Msiuachie mdila kazi ya daktari

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa,
Kwa Waziri wa Afya wa Kaunti,
Kwa Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti,
Nakala kwa Wizara ya Afya, Nairobi.

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum, na kwa walionizidi umri, shikamoo.

Mimi ni muuza kahawa. Nauza kahawa tungu Mji wa Kale, upande wa Ndia Kuu, kazi niliyoirithi kwa marehemu baba pamoja na mdila wake, birika la kuchemshia kahawa. Wateja wangu wengi ni wazee wanaokuja baada ya Alfajiri na kurudi tena baada ya Alasiri. Nawaandikia kwa sababu hivi karibuni kahawa yangu imepandishwa cheo pasi na mimi kuulizwa. Imekuwa dawa.

Habari imeenea kwa simu. Mtu apokea sauti ya dakika mbili, hajui imetoka kwa nani, yasema wataalamu wa Ulaya wamegundua kwamba kahawa yazuia ugonjwa wa kusahau, na kwamba mzee aliyekwisha kupotewa na kumbukumbu akinyweshwa kwa wingi hurudiwa na akili zake. Sauti hiyo yapelekwa kwa shangazi, kwa kundi la msikiti, kwa kundi la harusi ambayo bibi harusi wake ashazaa mara mbili. Kesho yake naletewa chupa ya chai. "Jaza, ami. Baba anywe kutwa."

Ningetazama pato peke yake ningejaza, nikapokea pesa, nikanyamaza. Lakini wanaoniletea chupa si wajinga wala si wavivu. Ni watoto waliohangaika na wazazi wao, wakabisha hapa na pale, na mlango uliofunguka kwa urahisi ukawa wangu. Hilo ndilo linalonikera na ndilo nililolileta kwenu: wagonjwa wa dimensia, ndio ugonjwa huo wa kusahau, wa mji huu wameachiwa muuza kahawa, na muuza kahawa hana kipimo, hana dawa, hana hata kiti chenye mgongo.

Nianze na kahawa yenyewe, maana nisipoieleza mtasema natetea biashara.

Binti yangu asomea uuguzi. Nilimwomba anitafutie shina la maneno haya, naye akawa akinisomea baada ya Isha na kunifafanulia. Kumbe shina lipo. Watafiti wa Ufini walitangaza mwaka 2009 matokeo ya watu 1,409 ambao walikuwa wameulizwa habari za kahawa wakiwa na umri wa makamo, kisha wakapimwa tena baada ya miaka 21 kwa wastani. Waliokuwa wakinywa vikombe vitatu hadi vitano kwa siku walionekana kuwa na hatari ya dimensia iliyo chini kwa asilimia 65 hivi, wakilinganishwa na waliokunywa kidogo au wasiokunywa kabisa. Sauti za simu zimeishia hapo. Hazikufika mwaka 2021, ambapo watafiti wa Chuo Kikuu cha Australia Kusini walichambua taarifa za Waingereza 398,646, wakiwamo 17,702 waliopigwa picha za ubongo, wakakuta kwamba wanaopita vikombe sita kwa siku walikuwa na hatari ya dimensia iliyo juu kwa asilimia 53 kuliko wanaokunywa kimoja au viwili, na ubongo wao ulikuwa mdogo zaidi.

Nikamuuliza, sasa nani mkweli? Akaniambia, baba, wote wamesema walichokiona, ila kuona vitu viwili vikienda pamoja si kuthibitisha kwamba kimoja kimekileta kingine. Mtu wa miaka 50 anayekunywa kahawa na wenziwe kila siku huenda pia ana kazi, ana marafiki, anatembea. Na ugonjwa huu huanza ndani ya ubongo miaka mingi kabla haujaonekana nje, kwa hivyo huenda ndio unaobadilisha unywaji wa mtu, wala si unywaji unaouleta. Kubwa kuliko yote, watu wa Ufini waliulizwa wakiwa wazima. Hakuna mgonjwa aliyenyweshwa akapona. Mjini Lille, Ufaransa, matabibu wameanzisha jaribio la kuwapa kafeini wagonjwa wa Alzheimer, aina moja ya dimensia, ambao ugonjwa wao ungali mchanga au wa kadiri, huku wenzao wakipewa kidonge kitupu, ndipo walinganishwe. Jambo hupimwa hivyo. Halipimwi kwa chupa ya chai.

Nami naongeza langu la ufundi, ambalo hata binti yangu hakulijua. Kikombe cha Mzungu si finjani yangu. Finjani ni mafundo mawili matatu na imekwisha. Tena wao siku hizi hunywa kahawa iliyochujwa kwa karatasi. Mimi nakaanga buni, natwanga, nachemsha na tangawizi na iliki juu ya makaa, na mashapo hukaa humohumo ndani ya mdila. Kahawa ya kuchemsha isiyochujwa hubaki na mafuta yaitwayo kafestoli, nayo hupandisha ile kolestroli mbaya ya damu. Karatasi huyazuia. Wafini wenyewe walikuwa wakinywa ya kuchemsha, wakahamia ya kuchuja. Mzee akinywa finjani mbili tatu barazani sina wasiwasi naye. Lakini mzee mwenye presha na sukari akiletewa chupa nzima ya kahawa ya kuchemsha, na sahani ya haluwa ya kumshushia utungu, naona tunamwongezea mzigo kwa jina la tiba.

Nayasema haya kwa kujua kwamba yatanipunguzia wateja. Basi.

Aliyekwisha kuugua ana shida nyingine, nayo ni usiku. Kafeini hukalia nafasi ya adenosini, ile kemikali inayoujulisha ubongo kwamba umechoka, na haitoki mwilini upesi: baada ya saa tano hivi nusu yake ingali inazunguka. Mwenye dimensia aghalabu hufadhaika zaidi jua linapotua. Ataka kurudi kwao, naye yuko kwao. Amtafuta mkewe, naye mkewe yuko mbele yake. Mnyweshe kahawa saa kumi na moja jioni, kisha uniambie ni nani ndani ya nyumba atakayelala. Uholanzi, katika nyumba za kutunzia wazee, walijaribu kuwaondolea wagonjwa kahawa yenye kafeini mchana na jioni. Ulikuwa utafiti mdogo, lakini usingizi uliwatengenea.

Kwa hivyo kwa wazee wangu wawili watatu, kwa makubaliano na watoto wao, baada ya Alasiri nawatilia maji ya tangawizi na iliki katika finjani ileile, kutoka mdila mdogo nilioutenga. Wakaa na wenziwe, wapokea kama kawaida, kashata wapata. Hakuna aliyelalamika ila mmoja, naye alisema kahawa yangu siku hizi imekuwa "ya kike". Nikamwambia bei ni ileile.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Muuza kahawa huona mapema. Huona kabla ya daktari, na mara nyingine kabla ya mtoto, kwa sababu mtoto akaa na mzazi wake kila siku na mabadiliko humponyoka kidogo kidogo. Mimi namwona mzee saa moja asubuhi na saa moja jioni, akifanya mambo yaleyale niliyomwona akiyafanya miaka nenda miaka rudi. Likienda kombo moja, lanipiga macho.

Nina mteja mmoja, nahodha mstaafu. Alikuwa akienda na jahazi Lamu, Pemba na kwengineko, akijua kusi itageuka lini kwa kunusa tu. Kwanza alianza kulipa mara mbili. Alipa, akanywa, akatia mkono mfukoni akalipa tena, na nikimrudishia akasirika kwamba namfanya maskini. Baadaye akawa akishika sarafu moja na kuisugua kwa kidole gumba kwa muda mrefu, aitazame upande huu na upande huu, kisha anipe zote mkononi nijichagulie. Kwenye dama, mchezo ambao alikuwa akiwafunga vijana huku akizungumza na watu wengine, alirudisha kete nyuma. Mwenziwe akacheka akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Siku nyingine alimuulizia rafikiye, mbona haji siku hizi, na sote tuliokaa pale tulikuwa tumemzika rafiki huyo, naye nahodha mwenyewe alishika jeneza.

Nilimwita mwanawe kando, nikamwambia mpeleke baba hospitali. Akampeleka. Sitaji wapi, na sitaki mtu yeyote afukuzwe kazi kwa ajili ya barua hii. Walisubiri tangu asubuhi hadi Adhuhuri, wakaingia, wakaulizwa umri, wakaambiwa "ni uzee tu huo, mrudisheni nyumbani," na karatasi ya dawa za usingizi. Mwana hakutosheka. Akachanga na nduguze, wakampeleka kwa daktari wa kulipia. Huko nahodha akaombwa alitaje neno la Kiingereza herufi kwa herufi kinyumenyume. Mtu aliyesoma chuoni kwa maalim, anayeandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zikasomwa Mutsamudu kule Komoro, aambiwa ataje Kiingereza kinyumenyume! Akanyamaza. Wakaandika kwamba ameshindwa.

Baada ya hapo ndipo chupa ya chai ilipoletwa kwangu.

Waheshimiwa, jirani zetu wa Tanzania washalifikiria hili. Wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, kulitengenezwa kipimo kiitwacho IDEA, kwa ajili ya wazee wa Kiafrika ambao hawakuingia shule sana. Hakina kalamu wala kitabu. Mzee huulizwa daraja ni kitu gani. Huombwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Huulizwa leo ni siku gani na kiongozi wa mahali pake ni nani. Hupewa maneno ayashike ayarudie baadaye, na hupangiwa njiti nne za kibiriti aziige. Muuguzi aliyefunzwa hukimaliza kwa dakika chache. Mkimuuliza mzee wa Mombasa habari za daraja jiandaeni, maana atawaeleza la Nyali la zamani, lile la kuelea lililokuwapo hadi 1980, na atawaeleza lilivyokuwa likitikisika. Mwacheni aseme. Hayo pia ni majibu.

Kipimo cha njiti si mwisho wa habari, na hapa naomba mnisikilize, kwa sababu ndipo "ni uzee tu" inapofanya madhara. Si kila anayesahau ana dimensia isiyotibika. Upungufu wa vitamini B12 huvuruga kumbukumbu, na metformini, dawa inayomezwa na wagonjwa wengi wa sukari, ikitumiwa kwa miaka huweza kuishusha B12. Tezi ya shingo ikilegea mtu hupumbaa. Huzuni ya kufiwa humfanya mzee aonekane hana akili. Na akichanganyikiwa kwa ghafla, jana mzima na leo hamjui mwanawe, hiyo ni dharura: huenda ni maambukizi ya mkojo, malaria, sukari iliyoshuka, au kiu tu. Mzee hasikii kiu kama kijana, na joto la Mombasa la Februari mnalijua. Mtu wa namna hii akirudishwa nyumbani na dawa za usingizi, mmemzika angali hai.

Kuhusu kinga, mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia dimensia ambayo binadamu aweza kuyarekebisha, na likakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa duniani vingeweza kuzuiliwa au kucheleweshwa. Kahawa haimo. Imo presha, imo sukari, imo kolestroli, imo sigara, umo unene, umo ulevi, umo moshi wa hewa chafu, imo elimu aliyoikosa mtu utotoni, umo upweke. Imo hata masikio yanayopoteza usikivu, na macho yasiyotibiwa. Mambo haya yana vipimo rahisi. Wahudumu wa afya ya jamii waliokabidhiwa mikoba mwaka 2023 walipewa mashine za presha na vipimo vya sukari. Wanapita mitaani kwetu, twawaona, na ni watu wazuri. Lakini hupita kwa akina mama wajawazito na watoto, na ni haki yao. Mzee aliyekaa barazani wampa salamu na kupita.

Nawaomba wasimame. Mhudumu mmoja akija barazani kwangu mara moja kwa mwezi na mashine yake atapima presha za wanaume ambao hawajakanyaga zahanati tangu walipostaafu bandarini. Nitawapanga mstari mwenyewe. Na atakayekataa hapati kahawa.

Lakini baraza ni la wanaume, na hapa ndipo barua hii ingekuwa nusu kama ningeishia kwa nahodha. Mama zetu hawaji kwangu. Mwanamke akianza kusahau, husahau ndani, na ndani hakuna wa kumwona akilipa mara mbili. Namjua bi mkubwa mmoja aliyekuwa akipika mahamri ya kuuza, mtaa mzima ukifungua kinywa kwa mahamri yake. Watu walijua kwa ulimi. Siku moja mahamri hayakuwa na iliki, siku nyingine yalikuwa na chumvi mahali pa sukari, kisha mafuta yakashika moto. Majirani wakasema amepata mkosi. Binti yake akaacha kazi hotelini ili amlinde na jiko, na sasa nyumba ile haina pato la mahamri wala la hoteli. Shirika la Afya Duniani linasema dimensia huwaathiri wanawake zaidi, na kwamba asilimia 70 ya saa za kuwatunza wagonjwa hutolewa na wanawake. Sikuhitaji Geneva kunieleza, lakini nyinyi huenda mkahitaji takwimu ndipo mwandike kwenye bajeti.

Kuna neno jingine lataka kusemwa kwa upole. Kwa jirani zetu wa Kilifi wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi. Bibi anayetembea usiku hajui aendako, anayezungumza na watu wasioonekana, anayeingia nyumba isiyo yake, hizo ni dalili ambazo daktari angezitambua, na ndizo zilezile ambazo umati huzisoma kwa namna nyingine. Mombasa tumechanganyika na Kilifi na Kwale kwa damu na kwa ndoa, hatuwezi kusema hayo ni ya ng'ambo. Maimamu na wachungaji wakifunzwa kidogo tu dalili hizi, wakazisema kwenye hotuba ya Ijumaa na ibada ya Jumapili, kuna maisha yatakayookoka.

Nataka nini basi?

Nataka mlango. Siku moja kwa wiki katika hospitali ya kaunti iliyo wazi, itangazwe kwa Kiswahili, iitwe kliniki ya kumbukumbu ili mtu asione haya kuiulizia. Coast General ianze, kisha isogezwe Port Reitz, Tudor na Likoni, kwa sababu kumvusha feri mzee aliyechanganyikiwa, katikati ya umati ule na ving'ora vile, ni adhabu. Awepo muuguzi aliyefunzwa kipimo kinachoulizwa kwa Kiswahili. Apimwe presha, sukari, tezi, B12, masikio. Zitazamwe dawa zote anazomeza. Jamaa waelezwe jina la ugonjwa, njia yake, na la kufanya usiku. Na kuhusu SHA, bima ya afya ya Serikali, andikeni kwa maneno ya kawaida ukutani inalipa nini na hailipi nini kwa mgonjwa huyu. Mzee wa miaka 70 anayetegemea shilingi 2,000 za Inua Jamii, msaada wa Serikali kwa wazee, kwa mwezi hawezi kwenda kubahatisha.

Nataka na baraza la pili, la kina mama. Kuna tiba ya mazungumzo ya vikundi iliyotungwa Uingereza, vikao 14 kwa wiki saba, ambayo ilijaribiwa kulekule Hai kwa wazee wenye dimensia na ikaonekana kuwafaa. Wazee hukaa pamoja na mwongozaji, wakazungumza habari za utotoni, vyakula, nyimbo, pesa za zamani, huku wakishika vitu na kuvitaja. Ukumbi wa Tononoka upo. Madrasa nyingi huwa tupu asubuhi. Wazee wa kike wakiletwa pale mara mbili kwa wiki, binti aliyeacha kazi atapata saa mbili za kulala au kwenda sokoni, na hizo saa mbili sijui kama mwajua thamani yake. Kahawa nitapeleka mimi, ya asubuhi, finjani moja moja, kwa gharama zangu.

Na tufunzeni sisi tulioko njiani. Wauza kahawa, watu wa tuktuk, makondakta, wafanyakazi wa feri, walinzi wa milango. Hatutaki cheti. Twataka kujua tumwambie nini mzee aliyepotea, tusimvute mkono, tusimcheke, na tupige simu nambari gani. Mafunzo ya asubuhi moja yatosha kwa kuanzia.

Nimeambiwa na wanaojua kwamba afya ni jukumu lenu la kaunti kwa Katiba ya 2010, na kwamba Kifungu cha 57 cha katiba hiyohiyo chasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zake na Serikali. Jamaa wameshafanya sehemu yao. Nimeambiwa pia kwamba makadirio ya bajeti hufikishwa Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla yake wananchi huitwa kutoa maoni. Nitakuja, na nitakuja na mwana wa nahodha na binti wa bi mkubwa. Hatutaomba jengo jipya wala jiwe la msingi la kuzinduliwa kwa utepe. Mshahara wa wauguzi wachache, vitendanishi vya maabara, na chumba chenye kivuli cha kusubiria vyatosha kuanza.

Jibu ninalolingoja si refu. Nataka kujua hospitali gani, siku gani, saa ngapi, na mtu aulizie nani akifika. Nina ubao wa bei pale ninapokaa. Nitafuta bei niyaandike hayo, na mtu mwingine akiniletea chupa nitamwonyesha ubao.

Wenu,
Muuza kahawa,
Mji wa Kale, Mombasa